Mazoezi Salama Siku Misuli Inapouma

Maumivu ya misuli yanayofuata mazoezi au kazi nzito huja kwa kuchelewa. Kijana wa Mwihoko, kaunti ya Kiambu, anayeshusha mawe ya kujengea kutoka kwenye lori siku ya Jumatatu, kazi ambayo hakuwa ameizoea, hulala vizuri usiku huo. Jumanne asubuhi mapaja na mikono huanza kukakamaa, na Jumatano ndiyo siku ngumu kuliko zote. Kwa kawaida maumivu hayo huanza saa 12 hadi 24 baada ya kazi, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua na kwisha ndani ya juma moja. Msuli huuma ukibonyezwa, ukinyooshwa au ukitumiwa, lakini hutulia mwenyewe akiketi. Tena huuma mwili mzima wa msuli, na mara nyingi pande zote mbili, kwa kuwa mapaja yote mawili yalifanya kazi ileile. Sifa hizo zinafaa kukumbukwa mapema, maana ndizo zinazosaidia baadaye kuyatenganisha maumivu ya kawaida na jeraha.

Msuli hukaza kwa namna tatu. Hukaza ukifupika, kama pale ndoo ya maji inapoinuliwa; hukaza bila kubadili urefu, ndoo ikishikiliwa mahali pamoja; na hukaza huku ukirefushwa, ndoo inapoteremshwa polepole. Namna hii ya tatu ndiyo chanzo kikuu cha maumivu yanayochelewa. Msuli unaoteremsha mzigo hutumia nyuzi chache kuliko unaoinua mzigo uleule, hivyo kila uzi hubeba mvutano mkubwa zaidi huku ukivutwa kuelekea upande ulio kinyume na ule unaojaribu kwenda. Ndiyo maana kushuka mlima kwa mbio huumiza mapaja kuliko kupanda, ijapokuwa kupanda ndiko kunakomaliza pumzi. Anayechuchumaa na uzito mabegani huumizwa na safari ya kwenda chini, na anayebeba mchanga hadi ghorofa ya tatu huumizwa na kule kurudi chini kwa ngazi, mara thelathini au arubaini kwa siku.

Mwanafiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, alilieleza jambo hili mwaka 1902. Baada ya kuwapima watu waliofanyisha vidole kazi ngumu, alihitimisha kwamba maumivu ya siku ya pili hayafanani na uchovu wa siku ya kwanza, na akapendekeza kuwa kuna kuchanika kudogo ndani ya msuli wenyewe. Ilibidi miongo minane ipite kabla hadubini kumuunga mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Uswidi, Jan Fridén akiwa miongoni mwao, walichukua vipande vidogo vya misuli kutoka kwa watu waliokuwa na maumivu hayo na kukuta vigawanyo vya ndani ya nyuzi vimepinda na kuvurugika mahali mahali. Mwili hujibu uharibifu huo kwa kupeleka maji na seli za kinga. Uvimbe mdogo hutokea, miisho ya neva huwa myepesi kuhisi, na mguso ambao jana haukuwa kitu leo unauma. Utando unaozifunga nyuzi nao huhusika, pengine zaidi kuliko nyuzi zenyewe.

Maelezo yanayosikika zaidi katika kumbi za mazoezi ni mengine: kwamba asidi ya laktiki imebaki mwilini, na kwamba inapaswa kutolewa kwa jasho, kwa kukandwa au kwa maji ya moto. Maelezo hayo hayana msingi. Laktati inayoongezeka damuni wakati wa mazoezi makali hurudi katika kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi, ilhali maumivu hayajaanza hata kidogo. Mwaka 1983 jaribio lililofanywa Marekani liliweka jambo hili wazi. Watu walikimbia kwenye mashine, mara iliyolazwa sawasawa, mara iliyoinamishwa kama mteremko. Waliokimbia tambarare walipandisha laktati lakini hawakuumwa. Waliokimbia mteremko walikuwa na laktati ndogo, na ndio walioumwa. Kosa hili lina madhara ya kweli, kwa kuwa mtu anayeamini kwamba ana uchafu wa kutoa hurudi kwenye mazoezi makali ili autoe, na huongeza uharibifu juu ya uharibifu.

Jambo lenye uzito kuliko maumivu yenyewe ni kupungua kwa nguvu. Nguvu hushuka papo hapo, mara tu zoezi linapokwisha, kabla mtu hajahisi chochote. Baada ya mbio ndefu za mteremko, misuli ya mapaja inaweza kupoteza sehemu ya tano ya nguvu zake au zaidi. Baada ya zoezi kali la kuteremsha uzito kwa mkono usiozoea, misuli ya kukunja kiwiko inaweza kupoteza hata nusu, na ikachukua zaidi ya juma kuzirudisha zote. Maumivu na nguvu havifuati ratiba moja. Jioni ya siku ya kwanza mtu hana maumivu ila nguvu zimeshapungua, na siku ya sita maumivu yamekwisha ila nguvu bado hazijatimia. Anayetumia maumivu peke yake kama kipimo hukosea mara mbili: hujiamini mapema mno mwanzoni, na hujiamini mapema mno mwishoni.

Kinachopungua si nguvu tu. Kiungo kilichozungukwa na misuli iliyoumia hakijui vizuri kimekaa wapi. Goti hukunjwa pungufu au kupita kiasi, na mguu hutua vibaya. Misuli ya paja, ambayo kwa kawaida hupokea kishindo cha kila hatua, huacha sehemu ya kishindo hicho kipite hadi kwenye goti na mfupa wa muundi. Mtu hubadili mwendo ili kukwepa maumivu, na mabadiliko hayo yasiyoonekana ndiyo yanayozaa majeraha ya kweli kwenye kano, mgongo na kifundo cha mguu. Mahali penyewe huongeza au hupunguza hatari hiyo. Udongo mweusi ulioenea mashariki mwa Ruiru hunata na kuteleza mvua za Aprili zinaponyesha, na miguu isiyokuwa na nguvu zake kamili haipaswi kukimbizwa juu yake. Siku kama hiyo, njia iliyomwagwa changarawe au kiwanja kikavu ni salama zaidi, hata kama kinachosha macho kwa kukizunguka.

Mwili hujifunza haraka, na hapa ndipo penye tumaini kubwa la somo hili. Msuli uliopata kazi ya kurefushwa mara moja huumia kidogo sana ukirudia kazi hiyo, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa, wakati mwingine miezi. Haihitaji mateso ili ipatikane. Majaribio yameonyesha kwamba hata mikazo michache, au mikazo mingi yenye uzito mdogo, hutoa sehemu kubwa ya kinga. Kwa hiyo anayeanza hupata faida ileile kwa dozi ndogo: seti moja badala ya nne, uzito wa nusu ya ule anaouweza, dakika ishirini badala ya saa nzima. Siku mbili tatu baadaye hupima mwili wake na kuongeza. Kuanza kwa kujitesa hakumfikishi mbele ya mwenzake aliyeanza kwa kiasi. Humwacha nyuma kwa juma zima la kushindwa kushuka ngazi.

Kinga hiyo ni ya msuli uliofanya kazi, kwa kazi ileile uliyoifanya. Mkimbiaji wa Mwihoko hujizoeza kwenye nchi iliyo karibu tambarare, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mapafu yake na moyo wake huwa imara, lakini mapaja yake hayajui mteremko. Akienda Limuru, upande wa juu wa kaunti hiyohiyo ya Kiambu, ambako ardhi hupita mita 2,200, ataona kupanda kunamtaka pumzi tu. Kushuka ndiko kutakomtembeza kwa shida siku ya tatu. Wakenya walioshinda mbio za Boston wanaijua vizuri bei ya mteremko. Njia ya Boston huanzia Hopkinton na kushuka takriban mita 140 kwa jumla hadi mjini, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko mwanzoni, wakati miguu bado ni mepesi na mkimbiaji hahisi anacholipa. Kisha huja vilima vya Newton kati ya kilomita 25 na 34, na baada yake mteremko tena, juu ya mapaja yaliyokwisha kudhoofika. Ibrahim Hussein alishinda huko mwaka 1988, 1991 na 1992, akafuatwa na Cosmas Ndeti mwaka 1993, 1994 na 1995. Catherine Ndereba wa Huduma ya Magereza, ambayo chuo chake cha mafunzo kiko Ruiru, alishinda mara nne, mwaka 2000, 2001, 2004 na 2005. Anayejiandaa kwa njia ya aina hiyo huongeza mteremko mfupi katika mazoezi yake majuma kadhaa kabla, tena kwa kuanzia na mita mia chache, na huacha mteremko mkali siku kumi za mwisho ili nguvu zirudi zote.

Siku maumivu yanapokuwapo, uamuzi wa kufanya mazoezi au kupumzika huanza na mwendo. Kwanza mtu hutembea kwa dakika tano hadi kumi, kisha huchuchumaa mara chache bila uzito, hupanda ngazi na kushuka. Vivuko vya juu vya waendao kwa miguu kwenye barabara kuu ya Thika, pale Githurai kwa mfano, ni kipimo kizuri kisicho na gharama. Anayeshuka ngazi zake bila kushika chuma cha pembeni, mwendo ukiwa sawa kulia na kushoto, na maumivu yakipungua kadiri mwili unavyopata joto, anaweza kuendelea na mazoezi mepesi. Anayechechemea, anayeshuka kwa kugeuka upande, au anayeona maumivu yakiongezeka kwa kila dakika, siku yake ya mazoezi imeahirishwa. Kati ya hali hizo mbili ziko siku nyingi za wastani, na hapo busara ni kufanyisha kazi sehemu nyingine ya mwili. Mapaja yakiuma, mabega na mgongo vinaweza kufanya kazi. Mikono ikiuma, kutembea kwa saa moja hakuna ubaya. Kazi nyepesi kwa msuli uleule, kama kuendesha baiskeli kwenye tambarare, huleta nafuu kwa muda, ingawa haiharakishi kupona.

Katika kambi za wakimbiaji za Iten na Kaptagat jambo hili hufuatwa kwa nidhamu ambayo mgeni huiona kama uvivu. Mkimbiaji anayemaliza marathoni kwa dakika tatu kwa kila kilomita huonekana asubuhi baada ya mazoezi makali ya uwanjani akijikokota kwa dakika tano au zaidi kwa kilomita, akizungumza na wenzake njia nzima. Siku ngumu ni chache kwa juma, na siku nyepesi ni nyepesi kwelikweli. Wakimbiaji wengi wa mitaani hukosea hapa. Siku ngumu wanaifanya nyepesi kwa kuwa wamechoka, na siku nyepesi wanaifanya ngumu kwa kuwa wanaona aibu kupitwa.

Katika mitaa ya Ruiru na Githurai ukumbi wa kuinua vyuma mara nyingi ni ua lenye paa la mabati, na vyuma vyenyewe huenda vikawa saruji iliyomiminwa ndani ya makopo ya rangi na kuunganishwa kwa bomba. Vyuma hivyo vimejenga miili mingi na havifai kudharauliwa. Vina kasoro moja inayohusu somo hili: upande mmoja unaweza kuwa mzito kuliko mwingine kwa kilo moja au mbili, na uzito wa jumla haujulikani. Mizani ya posho mill iliyo jirani humaliza tatizo hilo kwa dakika chache, kisha uzito ukaandikwa kwa rangi juu ya kopo. Siku za maumivu, uzito usiojulikana haupaswi kuinuliwa juu ya kifua au kichwa bila mtu wa kusimama karibu, kwa sababu nguvu zilizopungua hazitoi onyo. Huisha katikati ya zoezi.

Wengi wanaoumwa misuli Mwihoko hawajawahi kuingia ukumbini. Ni vibarua wa mjengo. Mfuko wa saruji una kilo 50, mawe hubebwa moja moja begani, na malipo ni ya siku, hivyo ushauri wa kupumzika siku mbili hauna maana kwa mtu ambaye asipofanya kazi hali chakula. Kwake ulinzi unategemea jinsi kazi inavyopangwa, na hapa wajibu ni wa fundi na mwenye kandarasi. Mtu mpya anaweza kuwekwa chini siku tatu za kwanza, achanganye zege na kujaza ndoo, badala ya kupandishwa ngazi tangu asubuhi ya kwanza. Mfuko mmoja unaweza kubebwa na watu wawili au kugawanywa kwa ndoo. Kapi na kamba vikifungwa juu, safari za ngazi hupungua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru, na sheria hiyo haitofautishi kati ya mjengo wa ghorofa kumi na nyumba ya kupangisha ya mtaani.

Kundi jingine la kuangaliwa ni vijana wanaosikia tangazo la kuajiriwa katika polisi au jeshi na kuanza mbio za nguvu wakati siku zimebaki chache. Mwili hauwezi kujengwa kwa majuma mawili, ila unaweza kuharibiwa kwa siku mbili. Kwa muda mfupi kama huo inafaa kukimbia siku moja na kuacha siku moja, na siku tatu za mwisho ziwe za kutembea na kulala.

Kuhusu tiba, ahadi ni nyingi kuliko matokeo. Kunyoosha viungo kabla au baada ya mazoezi hakuzuii maumivu haya kwa kiasi kinachohisiwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2011 yalilionyesha hilo. Kuna sababu nyingine za kunyoosha viungo, lakini hii haimo. Kukandwa hupunguza maumivu kwa kiasi, mradi mkandaji asibonyeze kwa nguvu ya kuongeza jeraha juu ya msuli uliovimba. Maji ya baridi hupunguza maumivu pia, ila anayetafuta kukuza misuli asiyatumie kila mara baada ya kuinua vyuma, kwa kuwa hupunguza ukuaji huo. Marashi ya kuchua yenye mentoli hupoza ngozi na kuufanya ubongo usahau kidogo kilicho chini yake. Kinachosaidia zaidi ni cha kawaida: usingizi wa saa saba hadi tisa, maji ya kutosha, na chakula chenye protini na wanga. Githeri yenye maharagwe ya kutosha, ndengu, omena, mayai na maziwa vinatosha. Unga wa protini wa bei kubwa si lazima.

Dawa za maumivu zinahitaji tahadhari kubwa kuliko zinavyopewa. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, isiyozidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, humsaidia mtu alale. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza mtiririko wa damu kwenye figo, na zikimezwa na mtu aliyepungukiwa maji baada ya jua la Februari, figo huingia hatarini. Sindano ya diklofenaki inayodungwa dukani ili mtu arudi kazini mchana uleule huondoa onyo na kuacha udhaifu palepale. Kumeza dawa kabla ya mazoezi ili maumivu yasisikike ni tabia ya kuachwa kabisa.

Maumivu mengine hujifanya kuwa haya. Maumivu yanayoanza ghafla katikati ya zoezi, kwa hisia ya kitu kukatika, ni ya msuli au kano iliyochanika. Maumivu yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa, hasa muundi au nyayo, na kuongezeka kila siku ya mbio, huweza kuwa ufa wa mfupa. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma hata mtu akiwa amelala, inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa, na hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Mwili mzima ukiuma pamoja na homa na kutetemeka, kinachotakiwa ni kipimo cha malaria, hasa kwa aliyerudi karibuni kutoka Kisumu, Busia au pwani. Maumivu ya kifua wakati wa mazoezi hayasubiri kupimwa kwa siku.

Hatari kubwa kuliko zote ni adimu, nayo ni kuvunjika kwa nyuzi za misuli kwa wingi kiasi kwamba vilivyomo ndani yake humwagika damuni. Madaktari waliifahamu vizuri mwaka 1941, wakati Bywaters na Beall walipoeleza kufa kwa figo za watu waliofukiwa na vifusi mabomu yalipopigwa London. Mazoezi makali kwa mwili usiozoea huweza kuleta hali hiyohiyo, hasa penye joto kali, kiu, pombe ya usiku uliotangulia, au homa iliyokuwapo. Wenye chembe moja ya kurithi ya selimundu, ambao ni wengi katika magharibi mwa Kenya na pwani, na ambao wengi wao hawajui kuwa nayo, wako hatarini zaidi wakilazimishwa kukimbia bila kupumzika. Dalili zake ni maumivu makali yasiyolingana na kazi iliyofanywa, msuli uliovimba na kuwa mgumu, udhaifu wa kushindwa kuinua mkono au mguu, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola. Mkojo wa rangi hiyo unatosha peke yake kumpeleka mtu hospitali bila kusubiri asubuhi, awe karibu na Hospitali ya Thika Level 5 au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Huko hupimwa kimeng'enya cha misuli kinachoitwa kreatini kinesi, potasiamu na hali ya figo, na maji hutiwa kwa mshipa kwa wingi. Wengi hupona kabisa wakifika mapema. Baada ya kuruhusiwa, mgonjwa hukaa bila mazoezi hadi vipimo vya damu virudi vya kawaida na msuli uache kuuma, kisha huanza kwa kutembea, na hurejea kwenye kazi nzito kwa majuma, chini ya jicho la daktari au mtaalamu wa fiziotherapi aliyesajiliwa.